Fomu Kwanza, Habari Baadaye

Mwaka 1988 Wakenya waliteua wagombea wa KANU kwa kupanga foleni nyuma yao, ule uchaguzi wa mlolongo. Jarida la Beyond, lililokuwa la Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, likaandika jinsi kura hizo zilivyochezewa. Serikali ikalipiga marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafikishwa kortini. Shtaka lenyewe halikugusa foleni wala kura. Aliambiwa hakuwasilisha kwa Msajili wa Vitabu na Magazeti taarifa za mwaka za mauzo ya jarida. Akahukumiwa kifungo cha miezi 9, na alikuwa ameshaonja jela kabla rufaa haijamwokoa.

Nawaandikia wenzangu wa Taru wanaotaka kuanzisha gazeti, na kisa hicho nakitanguliza kwa sababu moja. Mkubwa uliyemkera mara nyingi haji kubishana na habari yako, hasa akijua ni ya kweli. Anatafuta fomu uliyosahau kuijaza. Kwa hiyo kazi ya makaratasi ifanyeni mapema, wakati hakuna aliyewakasirikia bado.

Haja ya gazeti ipo. Taru iko kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kati ya Samburu na Mackinnon Road, lakini magazeti makubwa huikumbuka pale lori linapopinduka au ukame unapomaliza ng'ombe. Nani anapata maji na nani anaangalia tu bomba la Mzima likipeleka maji Mombasa, ardhi ya ranchi inagawanywa vipi, pesa za wadi zimejenga nini: hayo hubaki kuwa mazungumzo ya kijiweni. Kurasa 8 kila mwezi, kwa Kiswahili na ukurasa mmoja wa Chiduruma, zingetosha kubadilisha hali hiyo. Tuone basi sheria inataka nini.

Usajili si leseni

Sheria inayohusika ni Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111 ya Sheria za Kenya. Ilitungwa 1960, mkoloni akiwa bado kiti chake hakijapoa, na roho yake ni ya zama hizo: serikali ilitaka kujua nani anachapa nini, anaishi wapi, na akikosea atakamatwa wapi. Juu yake sasa kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari na kuikataza serikali kuviingilia. Utaratibu wa leseni umetajwa kwa utangazaji, kwa kuwa masafa ya hewani ni machache na lazima yagawanywe. Gazeti halitumii masafa.

Ndiyo maana ni vyema uingie ofisi ya Msajili wa Vitabu na Magazeti, iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu, ukijua unachokwenda kufanya. Unakwenda kuandikisha jina la gazeti, wenye gazeti, na anwani zao. Huendi kuomba ruhusa ya kuandika habari za maji. Karani akianza kukuuliza mtaandika nini juu ya fulani, mjibu kwa adabu kwamba fomu haina swali hilo, kisha umwombe akuandikie kwa barua kilichopungua katika maombi yako. Barua hiyo itunze.

Wakazi wa upande wa Lunga Lunga na Vanga wakumbuke kuwa mpaka unabadilisha mambo. Ng'ambo ya Horohoro kuna Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na huko gazeti linahitaji leseni inayohuishwa kila mwaka. Mwaka 2017 magazeti ya Mawio, MwanaHalisi na Raia Mwema yalifungiwa, na Tanzania Daima likanyang'anywa leseni 2020. Kuwa na cheti cha Nairobi hakukupi haki ya kusambaza gazeti Tanga. Msimpe dereva wa matatu ya mpakani vifurushi "akauze kidogo kule" bila kuuliza kwanza.

Mwenye gazeti ni nani?

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama, maana watu huanza wakiwa marafiki na hakuna anayetaka kuonekana mroho kwa kuuliza nani anamiliki nini. Ulizeni. Msajili atataka majina ya wamiliki, na jibu la "sisi sote" halijazwi kwenye fomu.

Njia ziko tatu za kawaida. Ya kwanza ni jina la biashara, linaloandikishwa kupitia eCitizen katika Huduma ya Usajili wa Biashara. Ni nafuu na ni ya haraka, lakini wewe na biashara yako mnabaki mtu mmoja mbele ya sheria. Gazeti likishtakiwa, kinachofuatwa ni mbuzi wako, pikipiki yako na akiba yako. Ya pili ni kikundi cha jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, ambayo inataka watu wasiopungua 10 na kikundi husajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Kikundi kinafaa kwa kuchangishana na kuomba ruzuku, ila kwa biashara itakayotia saini mikataba na pengine kushtakiwa, kinaleta maswali mengi kuliko majibu. Ya tatu ni kampuni yenye dhima ya kikomo chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015. Kampuni ina uhai wake, mali yake na madeni yake. Sheria inaruhusu hata mtu mmoja kuwa na kampuni binafsi, kwa hiyo watu 6 wa Taru hawana sababu ya kuogopa.

Ushauri wangu ni kampuni, na mgao wa hisa uandikwe siku hiyo hiyo. Aliyetoa kompyuta apewe thamani yake. Atakayefanya kazi bila mshahara kwa mwaka mzima akubaliwe kwa maandishi atapata nini. Kila mmoja alete kitambulisho, PIN ya KRA, anwani ya posta na barua pepe anayoifungua kweli.

Kisha lije swali gumu la mfadhili. Mwaka wa kura ukikaribia, atatokea mheshimiwa mwenye mkono mwepesi atakayesema, "Vijana, mimi nitalipia uchapaji, ila jina langu lisionekane." Tangu 2020 kanuni za kampuni zinataka kila kampuni iweke rejista ya wanufaika halisi: yeyote anayeshika asilimia 10 au zaidi ya hisa au kura, moja kwa moja au kupitia mtu mwingine, na hata yule asiye na hisa lakini ana ushawishi mkubwa juu ya uendeshaji. Kumficha mheshimiwa nyuma ya jina la binamu yake ni kosa la kisheria, na siku mpinzani wake atakapolifichua, gazeti halitakuwa na uso wa kuuliza pesa za wadi zilikokwenda. Mkipokea fedha zake, ziwe za tangazo, kwa ankara na risiti, na tangazo liandikwe kuwa ni tangazo.

Pwani inajua vizuri nguvu ya umiliki. Gazeti tunaloliita leo The Standard lilianzia Mombasa mwaka 1902 kwa jina la African Standard, mali ya mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Mwaka 1905 aliliuza kwa Waingereza, likawa East African Standard, likahamia Nairobi mwaka 1910, na kwa miaka mingi likasemea masetla. Kwa upande mwingine, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, lilikuwa lake, na msimamo wake ukabaki kuwa wake. Wenye hisa hawaandiki habari, lakini ndio wanaoamua zipi hazitaandikwa.

Jina la gazeti nalo lichagueni kwa uangalifu. Litafuteni kwenye eCitizen na kwa Msajili kuona kama kuna mwenzenu aliyelitangulia. Jina la kampuni na jina la gazeti si lazima yafanane, lakini yote mawili yaandikwe vilevile, herufi kwa herufi, katika kila karatasi mtakayotia saini.

Dhamana ya milioni

Sasa tufike penye mwiba. Kabla ya kuchapisha, mwenye gazeti hutakiwa kuweka dhamana kwa Msajili. Zamani ilikuwa shilingi 10,000. Mwaka 2002, Mwanasheria Mkuu akiwa Amos Wako, Bunge liliipandisha hadi shilingi 1,000,000, wakati wakubwa walipokuwa wamechoshwa na magazeti madogo ya mtaani yaliyojaa porojo za siasa. Adhabu ya kuchapisha bila kutimiza masharti ikapanda pia, hadi faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miaka 3.

Watu wengi husikia milioni wakafunga daftari. Ngojeni kwanza. Huo si mzigo wa noti wa kupeleka Nairobi. Ni hati ambayo kwayo mnajifunga kwamba, gazeti likitozwa faini au likishindwa kesi ya kashfa, fedha zitapatikana hadi kiwango hicho, na wapo wadhamini wanaosimama nyuma ya ahadi hiyo.

Tatizo la Taru liko kwa wadhamini. Mdhamini anayekubalika ni mwenye mali inayoonekana kwenye karatasi, na kwetu ardhi nyingi ni ya jamii au ya ranchi, haina hatimiliki ya mtu binafsi. Mzee anaweza kuwa na ng'ombe 80 na bado asiwe na hati hata moja ya kuweka mezani. Kuna njia za kuzunguka hilo. Ulizeni benki na kampuni za bima bei ya kuwatolea dhamana hiyo, mlinganishe walau tatu, na mjue kuwa ada yake itarudi tena dhamana inapohuishwa. Au tafuteni taasisi yenye mizizi, kama vile sacco au shirika la dini, ikubali kusimama nanyi kwa mkataba unaosema wazi kwamba haitapanga habari. Au anzeni kama kurasa za Taru ndani ya gazeti la mchapishaji mwingine wa Pwani aliyekwisha kusajiliwa, mkijenga wasomaji na akiba kwa mwaka mmoja au miwili.

Jambo moja msilifiche kwa mdhamini: kampuni inamkinga mwenye hisa, lakini haimkingi aliyetia saini ya udhamini. Mjomba anayesaini ili awafurahishe vijana anaweza kudaiwa yeye mwenyewe. Mpeni nakala ya hati, mkalisheni na wakili, na mkubaliane nani atasoma habari nzito kabla hazijachapwa. Mjomba aliyeelewa atasaini akiwa ametulia, na asiyeelewa ni afadhali akatae mapema.

Mchapaji, kisanduku na nakala

Kiwanda cha uchapaji kinachojiheshimu mjini Mombasa kitawauliza cheti kabla hakijawasha mtambo, maana mchapaji naye anabanwa na sheria. Kila toleo lazima lionyeshe jina na anwani ya aliyelichapa na ya aliyelichapisha. Magazeti huweka maneno hayo katika kisanduku kidogo chini ya ukurasa wa mwisho. Lenu linaweza kusomeka hivi: "Limechapwa na (jina kamili la kampuni ya uchapaji, jengo na barabara, Mombasa) kwa ajili ya mchapishaji (jina la kampuni yenu kama lilivyo kwenye cheti), S.L.P. (nambari), pamoja na kijiji na barabara zilipo ofisi zenu. Toleo nambari (kadhaa), tarehe." Mistari hiyo ni mifupi, na ikikosekana mmevunja sheria hata kama habari zote ni sahihi. Mpangaji kurasa aiweke kwenye kiolezo chake ili asiweze kuisahau.

Gazeti likitoka, nakala mbili ziende kwa Msajili. Msingoje zirundikane. Zitumeni kwa posta ya rejista au kwa mtu atakayeleta muhuri wa kupokelewa, na risiti hiyo ibandikwe kwenye faili la toleo husika. Akija mtu miaka miwili baadaye kusema hamkupeleka nakala, faili litajibu.

Mkumbukeni na muuzaji. Marekebisho ya 2002 yaliweka faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6 kwa anayeuza au kusambaza machapisho yasiyotimiza masharti. Yule kijana wa bodaboda anayebeba kifurushi hadi Samburu, na mama wa kibanda cha chai pale stendi, hawana wakili. Mpeni kila mmoja nakala ya cheti ya kuonyesha, na nambari ya simu ya mtu atakayefika akisimamishwa.

Kadi za waandishi

Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, lililo chini ya sheria ya 2013, linaidhinisha waandishi na kuweka rejista yao na ya vyombo vya habari. Kadi yake huhuishwa kila mwaka. Kwa mwandishi wa Taru anayekwenda kuripoti mkutano wa bajeti Kwale au kesi Msambweni, kadi hiyo humpunguzia nusu ya maswali mlangoni. Sheria hiyo pia ina kanuni za maadili, na Tume ya Malalamiko inayosikiliza aliyeumizwa na habari. Chapisheni katika kila toleo jinsi msomaji anavyoweza kulalamika, kwanza kwenu, kisha kwa Tume. Mtu aliyesikilizwa na mhariri mara nyingi hamtafuti wakili.

Yatakayowapeleka kortini

Kashfa si tena kosa la jinai. Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu mwezi Februari 2017. Kesi ya madai bado ipo, na aliyechafuliwa jina kwa maandishi ana miezi 12 ya kuifungua. Sheria ya Kashfa imeweka viwango vya chini ambavyo mhariri yeyote anapaswa kuvijua kwa moyo: ukimsingizia mtu kosa linaloadhibiwa kwa kifo, kama mauaji, fidia haipungui shilingi 1,000,000, ukimsingizia kosa lenye kifungo cha miaka 3 au zaidi, haipungui 400,000. Wizi umo humo. Kichwa cha habari kinachosema "Chifu mwizi wa mahindi ya njaa" ni shilingi 400,000 kwa maneno sita, msipokuwa na ushahidi.

Habari hiyo hiyo inaweza kuandikwa ikasimama. Andikeni kwamba lori lilifika siku fulani na magunia fulani kwa mujibu wa hati ya kupokelea. Kwamba kaya mlizozihoji, kwa idadi yake, zinasema hazikupata. Kwamba chifu aliulizwa, na haya ndiyo majibu yake. Asipojibu, andikeni mlimpigia lini na mara ngapi. Msomaji wa Taru si mjinga, atajumlisha mwenyewe.

Mambo matatu yanahitaji tahadhari ya pekee kwetu. La kwanza ni uchawi. Wazee wameuawa Kwale na Kilifi kwa kuitwa wachawi, na Sheria ya Uchawi yenyewe inakataza kumtuhumu mtu hivyo. Msichapishe jina la mzee aliyetajwa na majirani. Andikeni habari za anayemtishia. La pili ni ugomvi wa malisho kati ya wakulima na wafugaji wanaotoka mbali. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni moja kwa gazeti litakalochapisha matamshi ya chuki. Tajeni mtu aliyelisha shamba, msitaje kabila lake kana kwamba ndilo lililolisha. La tatu ni watoto. Msichana aliyenajisiwa asijulikane kwa jina, picha, shule wala jina la baba yake, kwa maana kijijini jina la baba linatosha.

Hayo yote yanawafuata hata mkitoa gazeti kama faili la WhatsApp. Wapo wanaodhani kuepuka karatasi ni kuepuka sheria, lakini kashfa, chuki na faragha ya mtoto hazijali kama maneno yamesomwa kwenye karatasi au kwenye kioo cha simu.

Daftari la mwaka

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gazeti ni mali. Chagueni mtu mmoja, asiwe mhariri, ambaye kazi yake ni tarehe. Januari aanze na taarifa ya mwaka kwa Msajili wa Magazeti: jina, wamiliki, mauzo. Hii ndiyo iliyomponza mhariri wa Beyond. Aangalie kibali cha biashara cha Kaunti ya Kwale kimehuishwa, kadi za waandishi zimelipiwa, dhamana haijaisha muda. Kampuni ina taarifa yake ya mwaka kwa Msajili wa Kampuni, na marejesho ya kodi kwa KRA, hata kama faida ni sufuri. Mmiliki akiuza hisa, akifariki au akihama, Msajili aambiwe mara moja, na rejista ya wanufaika irekebishwe.

Kila toleo liwe na faili lake: nakala ya gazeti, ankara ya mchapaji, idadi iliyochapwa, iliyouzwa na iliyorudi, risiti ya nakala za Msajili, na daftari za waandishi waliokwenda uwanjani. Wekeni seti moja Taru na nyingine kwa wakili au kwa ndugu aliye Mombasa, kwani mafuriko, mchwa na wageni wa usiku hawabishi hodi.

Ukipanga vizuri, ratiba haitishi. Wiki ya kwanza kaeni mgawane hisa na kutafuta majina. Sajilini kampuni kwenye eCitizen. Asiyejua mtandao aende Huduma Centre ya Kwale asaidiwe. Cheti cha kampuni kikitoka, ombeni bei za dhamana na mzungumze na wadhamini, na hapo hapo mjaze fomu za Msajili mkiwa na wakili wa kuzipitia. Waandishi nao wakati huo waombe kadi. Mchapaji mfikieni mwisho, cheti kikiwa mkononi, na msikubali kulipa arbuni ya toleo la kwanza kabla ya hapo, hata akiwapunguzia bei. Habari ya bomba la maji itangoja wiki chache. Ikitoka, anayetaka kuizima itabidi aseme ni neno gani ndani yake si la kweli.